Shosti, nimekabidhiwa filimbi

Shosti wangu mambo? Watoto wazima? Nisamehe kwa ukimya, sijakutupa, ni kwamba nikirudi home naoga nalala na madaftari yako palepale kitandani.

Unakumbuka nilivyosaini mkataba nikakusomea kwenye simu kile kipengele cha mwisho, "na majukumu mengine utakayopangiwa na mwajiri"? Sa ndo nimeyaona. Mwalimu wa netiboli kaacha kazi, hawajaleta mwingine, mkuu wa shule akaniita akasema wewe bado una nguvu utachukua timu ya wasichana. Mimi wa kemia! Nikamwambia sijawahi kucheza hata siku moja, akasema utajifunza hukohuko, nikapewa filimbi na mipira miwili, mmoja hauwezi kukaa na upepo.

Hebu piga hesabu na mimi. Saa moja asubuhi niko asembli, vipindi vinaisha saa tisa na nusu, toa nusu saa ya chakula ni masaa 8, siku tano 40. Mazoezi saa kumi mpaka kumi na mbili, siku nne, ongeza 8. Jumamosi mechi, ukiweka na safari ya kosta ni 6. Jumla 54 na hapo sijagusa prepo wala kusahihisha. Sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inasema 45 kwa wiki, ya ziada yawe kwa makubaliano na yalipwe mara moja na nusu. Mimi sijapewa hata mia na hakuna aliyeniuliza.

Ila hela siyo inayonikosesha usingizi. Juzi GA wangu, yaani mmoja wa wafungaji wangu wawili, katoto ka form two, karuka kudaka mpira katua vibaya kifundo kikageuka, matroni katoka, mi nikachemsha maji nikamkanda kama bibi alivyokuwa anatufanyia, tulivyofika hospitali daktari ananiambia jeraha bichi halikandwi na moto, ni barafu, kitambaa, na mguu uinuliwe. Yaani nilijisikia vibaya shosti, mtoto wa watu, wazazi wanalipa ada wanaamini anayepuliza filimbi anajua anachofanya.

Na form four wangu Novemba wana mtihani wa taifa. Wiki ile niliingia nao maabara sijapata muda wa kujaribu taitresheni, lile jaribio la kupima asidi kwa besi, mwenyewe kwanza, majibu yakagoma, kipindi kizima kikapotea.

Alafu hawa wasichana nawapenda kweli. Kuna mmoja darasani hafungui mdomo kabisa lakini akiwekwa senta anapanga wenzake wote sita kwa sauti mpaka nashangaa ndo yuleyule. Ndo maana sitaki kuiacha timu, nataka wanipunguzie vipindi au wanilipe, na kabla ya yote wanipeleke kozi ya ukocha na huduma ya kwanza. Jumatatu naingia ofisini na mahesabu yangu nimeyaandika kwenye karatasi.

Wewe ulicheza netiboli mpaka UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, naomba unirekodie kwenye wasap jinsi mlivyokuwa mnapasha misuli, na namna ya kumfundisha mtoto kutua baada ya kuruka, taratibu, hatua moja moja. Nikipata kabla ya Jumanne ntashukuru maana saa kumi wananisubiri uwanjani.

Wasalimie nyumbani.