Barua kwa Hamisi kuhusu maduara ya mawe

Tanga

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote. Sisi huku hatujambo, namshukuru Mungu. Barua yako nimeipata na kuisoma kwa furaha, hasa pale unaposema kwamba waliojenga maduara ya mawe ya Uingereza na Uskoti, yaani yale mawe makubwa ya kale yaliyosimamishwa kwa kuzunguka, waliijua kanuni ya Pithagorasi miaka 2,000 na zaidi kabla ya Pithagorasi mwenyewe kuzaliwa. Hoja hiyo si ya kubezwa, kwa sababu aliyeieneza hakuwa mtu wa porojo. Lakini kwa maoni yangu inabebeshwa mzigo mzito kuliko ushahidi wake.

Alexander Thom alikuwa Mskoti, profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye kwa miongo kadhaa alitumia likizo zake kuyapima mawe haya kwa vyombo vya upimaji ardhi, kwa usahihi ambao wanaakiolojia wengi wa wakati wake hawakuwa nao. Aliona kwamba mengi si duara kamili: yako yenye umbo la duaradufu, yako yenye umbo la yai, na yako yaliyobonyea upande mmoja. Mwaka 1967 alichapisha kitabu kilichodai mambo mawili makubwa, kwamba maumbo hayo yalichorwa kwa makusudi, mengine kwa kutumia pembetatu mraba kama ile ya 3, 4 na 5, na kwamba wajenzi wa kila mahali walifuata kizio kimoja cha urefu, yaani yadi ya megalithi (mawe makubwa ya kale), ambayo ni mita 0.829.

Wewe ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nikuchoree moja. Castlerigg, kaskazini mwa Uingereza, ni duara lililobonyea lenye upana wa mita 30 hivi. Kwa maelezo ya Thom, unakita kigingi katikati, unafunga kamba, unazunguka theluthi mbili za duara, kisha unasimama. Theluthi iliyobaki hutaifunga kwa kamba ileile. Unarudi kwenye nusu kipenyo mbili ulizoishia, unakita kigingi katikati ya kila moja na kuchora tao fupi la kona. Halafu unaziba uwazi uliobaki kwa tao refu ambalo kigingi chake kimekaa kwenye ukingo wa duara, upande wa pili kabisa. Ukigawanya mzingo wa umbo hilo kwa kipenyo chake unapata 3.059 badala ya 3.142, yaani pai ya duara kamili, na Thom alihisi kwamba wajenzi walikuwa wakiitafuta 3 kamili, kana kwamba pai iliwakera.

Ni ufundi unaopendeza, nami nakiri kwamba niliuchora kwenye karatasi zaidi ya mara moja kwa starehe tu. Shida inaanza ukirudi kwenye mawe yenyewe. Jiwe lenye unene wa karibu mita moja halikuambii mstari ulipita wapi, kama ni usoni mwake, katikati au mgongoni. Mengine yameanguka, mengine yamesimamishwa upya na watu ambao hawakuacha maandishi ya walichokifanya. Mtu mwenye maumbo kadhaa ya kuchagua, na mawe manene namna hiyo, hakosi kupata umbo moja litakalokubali. Kuhusu kizio, mwaka 1974 mtakwimu David Kendall wa Cambridge aliyachunguza tena maduara ya Uskoti na kuona kwamba dalili ya kipimo cha pamoja ipo kweli. Hata hivyo, mita 0.829 ni hatua ya mtu mzima anayetembea kwa nafasi, na jamii nyingi zinaweza kuhesabu hatua bila kuwa na fimbo moja rasmi inayotembezwa kutoka kisiwa hadi kisiwa.

Msimamo wangu ndio huu: kamba naikubali, pembetatu siikubali bado. Duara la Brodgar katika visiwa vya Orkney, Uskoti, lina kipenyo cha mita 104 na limekaribia sana kuwa duara kamili, na ukubwa huo hauwezi kukadiriwa kwa jicho. Kulikuwa na kigingi, kamba ndefu na watu waliojua kuivuta bila kuilegeza. Kutoka hapo hadi kanuni ya Pithagorasi bado ni mwendo.

Sasa maana ya maduara haya, ambayo ndiyo uliyoniuliza hasa. Wengi wanatazama juu mbinguni, na si bure. Katika eneo la Aberdeenshire, Uskoti, kuna maduara ya namna ya pekee, ambayo jiwe moja kubwa limelazwa upande wa kusini au kusini-magharibi kati ya nguzo mbili ndefu, na mawe mengine yanapungua kimo kadiri yanavyoliacha jiwe hilo. Kwenye latitudo ile, mwezi mpevu wa majira ya joto hupita chini sana, na katika baadhi ya miaka ya mzunguko wake wa miaka 18.6 hushuka zaidi, hata ukaonekana kutembea juu ya jiwe lililolazwa. Ni rahisi kusema kwamba hapo palikuwa mahali pa kuchunguzia mwezi. Lakini mwanaakiolojia Richard Bradley alipochimba Tomnaverie, mojawapo ya maduara hayo, aliona kwamba rundo la mawe la katikati lilitangulia, na duara likaja baadaye, likiwa kama kizingo cha kupafunga mahali palipokwisha kutumika. Ikiwa duara ni kazi ya mwisho, basi hao watu hawakulijenga ili waanze kuchunguza mwezi. Njia ya mwezi walikuwa wameijua tayari, wakaiweka mbele ya macho ya wafu waliokuwa wakiwaaga.

Hapa nikurudishe kwetu kidogo. Karibu na Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, kuna nguzo 19 za basalti, ambazo kwa hadithi ya wenyeji ni watu waliogeuzwa mawe wakicheza ngoma. Huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, nako kuna duara la mawe 19 ambayo husemwa ni wasichana waliogeuzwa mawe kwa kucheza ngoma siku ya Jumapili. Kwa kuwa 19 inakaribiana na ule mzunguko wa mwezi, mtu mwenye hamu angeweza kuandika kitabu kizima. Mimi naona ni sadfa, tena baadhi ya mawe ya Cornwall yalisimamishwa upya katika karne ya 19. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins walidai kwamba nguzo za Kalokol zililenga nyota zinazotumika katika kalenda ya Waborana wa Ethiopia na Kenya, wakakadiria umri wake kuwa wa 300 K.K. hivi. Miaka minne baadaye mwanaakiolojia Robert Soper alipima tena na kueleza kwamba mawe yenyewe yana sumaku inayoivuta dira. Nakuomba uitafakari hali hiyo: kifaa unachokiweka juu ya jiwe ili kujua linaelekea wapi kinapotoshwa na jiwe lenyewe.

Uchunguzi wa baadaye ulizirudisha nyuma nguzo za Turkana hadi miaka 5,000 hivi iliyopita, wakati ziwa lilipokuwa likipungua na wafugaji wa kwanza wakiingia. Lothagam Kaskazini, kwa mfano, ni jukwaa lenye kipenyo cha mita 30 hivi, lenye nguzo, na kando yake miduara ya mawe na marundo ya mawe. Chini ya jukwaa walizikwa watu wasiopungua 580, wanaume, wanawake, watoto na wazee, na karibu kila mmoja ana pambo lake. Mmoja alivishwa pambo la kichwani lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wa jangwani. Hakuna dalili ya mfalme wala ya tabaka la wakubwa.

Na Stonehenge nako, lile duara mashuhuri la mawe la kusini mwa Uingereza, mtu aliyeuliza swali lenye tija zaidi alitoka Bahari yetu ya Hindi. Ramilisonina, mwanaakiolojia wa Madagaska, aliandika pamoja na mwenzake Mwingereza Mike Parker Pearson mwaka 1998 kwamba mawe ni ya mababu na mbao ni za walio hai, kama ilivyo kwao. Desturi ya Madagaska haiwezi kuthibitisha ya Uingereza, najua. Lakini Durrington Walls, kilomita 3 tu kutoka Stonehenge, kuna maduara ya nguzo za miti na mifupa mingi ya nguruwe walioliwa karamuni, ilhali Stonehenge imetoa mifupa ya watu iliyochomwa. Mgawanyo huo unaonekana ardhini, na mtu hahitaji pembetatu ya aina yoyote kuuona.

Nina ombi. Wapeleke wanafunzi wako uwanjani, kundi moja lichore duara la hatua kumi na tano kwa jicho na jingine kwa kamba ya katani, kisha wapime vipenyo kutoka pande mbalimbali na wewe uniletee namba. Nataka kujua kamba ya katani hunyumbuka kiasi gani ikivutwa na vijana wa kidato cha pili. Usiwaambie mapema kuhusu 3.059.

Nisalimie mama na jirani zako wote.

Wako,
Athumani