Barua kwa Zuhura, Ramadhani ya korona

Tanga, Ijumaa, 8 Mei 2020

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, mama yako mzima, masika bado yanamwaga. Ujumbe wako wa juzi nimeurudia mara nyingi. Unasema huko Leeds chumba chako ndicho maktaba, ndicho darasa, ndicho malazi, na hujui tena lini unafanya kazi na lini unapumzika. Nikueleze basi ninavyozigawa siku zangu tangu vyuo vilipofungwa mwezi Machi nikarudi Ngamiani, uchukue litakalokufaa.

Sisi hatukufungiwa ndani kama nyinyi. Soko liko wazi, msikitini tunaswali, ila mlangoni pana ndoo ya maji na sabuni, na kila mtu anakuja na mswala wake. Chuo kimya, lakini kazi zake zimenifuata hadi nyumbani.

Baada ya daku silali. Nikishaswali alfajiri nakaa kwenye ile meza ya cherehani ya marehemu bibi yako, nasoma kazi za wanafunzi mpaka jua lipande. Saa hizo akili imetulia na mtandao haujaelemewa. Kijana wangu mmoja yuko kwao milimani Lushoto, mafaili makubwa yanammalizia bando, kwa hiyo namrekodia maoni kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, namtumia kwa WhatsApp. Ukizungumza na mtu hivyo unakuwa mpole, na unafika haraka kwenye jambo lenyewe. Nitaendelea nayo hata vyuo vikifunguliwa.

Ikiadhiniwa adhuhuri, naizima kompyuta, naifunika kitambaa, naipeleka chumbani. Hapo ndipo nataka unisikilize, mama. Kazi yetu hii ya kusoma na kuandika haiishi. Mkulima giza humtoa shamba. Sisi hatuna wa kututoa, ni lazima tujitoe wenyewe. Na anayejitoa hajawa mvivu. Ukurasa ulionikatalia asubuhi nikiulazimisha mchana na swaumu, huharibika. Nikiuacha, kesho alfajiri hunikubalia.

Alasiri napanda baiskeli hadi Raskazone, nakaa kutazama bahari, sifikirii sura ya tatu ya mtu yeyote. Nikirudi namkunia mama yako nazi. Tunafuturu uji wa pilipili manga, kaimati na mihogo ya nazi. Barazani watu wameachiana nafasi, na bao limewekwa kando kwa sababu kete hupita mikononi mwa wote. Hilo linaniuma, na kukosa kupeana mikono kunaniuma zaidi. Taarifa ya habari nasikiliza mara moja tu kwa siku. Mwishoni mwa Aprili walipotangaza wagonjwa 480 nchini, mama yako alizima redio akauliza, "Na Leeds je?"

Najua swaumu ya huko ni ndefu, magharibi inakaribia saa tatu usiku. Kwa hiyo usiige saa zangu. Tafuta zako, ila ziwe na mwisho. Ile ruhusa yenu ya kutoka mara moja kwa siku itumie kila siku, hata kukiwa na baridi.

Nipigie kesho saa kumi na moja jioni ya kwenu. Hapa itakuwa saa moja usiku, tumeshafuturu, na mama yako ndiye atakayepokea. Habari za tasnifu tusizizungumze kwenye simu hiyo. Sura yako nitumie usiku, nitaisoma baada ya alfajiri.

Baba yako