Kuhusu vidonge vyako vya beri

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, hofu ni kwako. Barua yako nimeisoma mara mbili, na yale maneno ya mwisho, kwamba umeahirisha kipimo cha saratani ya utumbo kwa kuwa sasa unameza vidonge vya beri, yaani matunda madogo kama forosadi na stroberi, yameninyima usingizi.

Sikatai kwamba beri zina kitu. Jana nilikamua forosadi chache kwenye sahani nyeupe. Maji yake yalikuwa ya zambarau. Nilipodondoshea ndimu yakawa mekundu, nilipotia povu la sabuni yakaelekea buluu. Rangi hiyo ni anthosayanini, nayo inachunguzwa sana, pamoja na asidi ya elajiki iliyomo kwenye stroberi na rasiberi. Katika majaribio ya maabara, vitu hivi hupunguza kasi ya seli za saratani kugawanyika na huzifanya baadhi zife. Katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, Gary Stoner na wenzake waliwalisha panya unga wa rasiberi nyeusi, na panya hao wakaota uvimbe mchache kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kuliko wenzao wasiolishwa unga huo.

Lakini dada, unga ule ulikuwa asilimia 5 hadi 10 ya chakula chote cha panya. Kidonge chako kina kiasi gani? Tena anthosayanini inayoingia kwenye damu ikiwa nzima ni kidogo mno. Nyingine hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wakaivunjavunja. Bakteria haohao ndio wanaoigeuza asidi ya elajiki kuwa kemikali nyingine iitwayo urolithini, na si kila tumbo lina bakteria wa kazi hiyo. Mimi na wewe tukila bakuli moja, huenda kila mmoja akaambulia chake.

Kwa binadamu, Uchina walijaribu unga wa stroberi kwa watu ambao seli za umio zilikuwa zimeanza kubadilika. Waliopewa gramu 60 kwa siku kwa miezi 6, wengi wao mabadiliko hayo yalipungua. Nilifurahi sana kusoma hayo. Ila watu walikuwa wachache, na hapakuwa na kundi lililopewa unga bandia ili walinganishwe.

Kinachonitisha ni habari ya beta-karotini, ile rangi ya machungwa iliyomo kwenye karoti. Waliokula kwa wingi mboga na matunda yenye kitu hicho walionekana kupata saratani ya mapafu kwa nadra, hivyo Ufini wakawapa wavutaji sigara vidonge vyake. Matokeo yalitoka 1994, wanaume 29,133: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Tangu nijue hilo, sikimbilii tena kidonge kwa sababu tu kimetokana na tunda.

Beri zenyewe kula, utapata na nyuzinyuzi. Chupa ya vidonge mpelekee daktari aione. Lakini kipimo usikiache. Marehemu baba yako aligunduliwa ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Kwenye kipimo hiki, daktari akikuta kinyama kinachoota ndani ya utumbo anaweza kukikata palepale, kabla hakijageuka saratani.

Piga simu kesho uombe tarehe nyingine, kisha unijulishe. Najua unachokiogopa ni ile dawa ya kusafisha tumbo usiku wa kuamkia kipimo. Nitaomba ruhusa kazini, nije nilale kwako usiku huo, na asubuhi twende wote.

Ni mimi akupendaye,
rafiki yako