Fungu la Mtambo

Malindi,
Jumapili jioni

Sahibu yangu Baba Zuhura,

Assalaam aleikum warahmatullah. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, watoto wazima, na mama bado anauliza mtavuka lini kuja kumwona. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikausoma tena alfajiri, nikaona jambo lenyewe halijibiki kwa maneno mawili ya simu. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Hongera kwa mtambo, hilo bekho la kuchimbia. Najua humo zimeingia pesa za shamba lenu la kule Hindi, bara ya Lamu, na akiba yako ya miaka yote ya kazi, na najua Mama Zuhura hakupata usingizi siku ile ulipozilipa. Kwa hiyo sitakujibu juujuu. Umeniuliza hivi: mkandarasi anatoa shilingi 250,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu, anakuja na opereta wake na dizeli yake, na wewe kazi yako ni kupokea tu; je, ni bei nzuri? Sahibu, kwa masharti hayo bei hiyo itakumalizia mtambo. Nitakueleza nilivyofikia hapo, kisha uamue mwenyewe.

Chukua kalamu. Ukipanda ndani ya bekho lako utaona mita ndogo inayohesabu saa. Gari tunalipima kwa kilomita, mtambo unapimwa kwa saa, na saa hizo ndizo umri wake. Umeununua kwa 4,200,000. Tuseme utaufanyisha kazi saa 6,000 kisha uuze kwa 1,800,000. Hapo 2,400,000 zimeliwa, yaani shilingi 400 kila saa injini inaponguruma, hata kama hakuna kilichovunjika. Sasa ongeza oili na filta za kila saa 250: mimi huweka shilingi 100 kwa saa. Matairi, 80. Hozi za haidroliki, pini, bushi na meno ya ndoo, 250, na kwa mwamba wetu huu wa tumbawe usithubutu kuweka chini ya hapo, maana tumbawe hula meno kama msasa. Bima nayo ukiigawa kwa saa za mwaka mzima, 100. Jumla ni 930, na bado hujamlipa opereta wala hujatia tone la dizeli.

Rudi kwenye zile 250,000. Akifanya kazi siku 26, saa kumi kwa siku, ni saa 260, sawa na shilingi 961 kwa saa. Toa 930. Umebakiwa na 31 kwa saa, kama elfu nane kwa mwezi. Na hapo ni kama atakuwa mpole. Mkataba ulionitumia picha yake unasema "mwezi", hausemi saa ngapi. Akiutia mtambo taa afanye kazi usiku na mchana, mita ikafika saa 400, atakuwa anakulipa 625 kwa kitu kinachokugharimu 930, na kila mwezi utakuwa umempa zaidi ya laki moja ya mtambo wako bila kujua. Pesa utaziona mkononi, laki mbili na nusu taslimu, na moyo utafurahi. Hasara itakuja kuonekana baada ya mwaka, siku pampu ya haidroliki itakapokataa na huna cha kununulia nyingine.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya injini. Kumbuka marehemu baba yako na mashua yake. Samaki wakiuzwa, kabla nahodha na mabaharia hawajapata chao, fungu la chombo lilitengwa kwanza, na hakuna aliyeligusa, hata mwenye mashua. Fungu hilo ndilo lililonunua pamba ya kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, sifa, yale mafuta ya papa, ya kupaka mbao, na shahamu ya chini ya maji. Mtambo nao una fungu lake. Mimi nimefungua akaunti ya pili, kila malipo yakiingia napeleka humo shilingi za mtambo kwa kadiri ya saa zilizofanya kazi, nami najihesabu sikuzipata. Mwaka wa kwanza sikufanya hivyo, na wewe unajua yaliyonikuta, ila sikukueleza yote.

Ilikuwa huko chumvini, kaskazini ya Sabaki. Mtu mmoja alitaka mtambo kwa wiki sita wa kutengeneza matuta ya mashamba ya chumvi. Masharti yake yalikuwa kama haya yako: opereta wake, mafuta yake, bei ya jumla. Nilifurahi sana, nikakabidhi ufunguo, nikarudi nyumbani. Sikwenda kuutazama hata mara moja. Uliporudi ulikuwa umepakwa udongo mweupe uliokauka, na nilipouosha ndipo nilipoona. Viungo vya nyaya za umeme vimegeuka kijani. Vile vyuma vinavyong'aa vya silinda vimetoboka vitundu vidogovidogo, kila vikiingia na kutoka vinachana sili, zile pete za mpira zinazozuia oili, nayo inatiririka. Nipeli, vile vichuchu vya kupigia grisi, zimezibwa na tope la chumvi, na mkono wa nyuma umefanya kazi sijui siku ngapi bila grisi, mpaka tundu la pini, ambalo lilikuwa duara, likawa umbo la yai. Fundi alipoweka kidole humo aliniangalia, akanyamaza. Matengenezo yalizidi kodi niliyolipwa, na mtambo ulikaa uani miezi miwili.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yule opereta wao. Baadaye nikajua kwamba alikuwa akilipwa kwa urefu wa tuta alilomaliza. Kila dakika aliyoshuka kupiga grisi ilikuwa imetoka kwenye chakula cha watoto wake. Angeshuka kwa nini, na mtambo si wake, na hatauona tena? Kosa lilikuwa langu mimi niliyemwachia. Nakuambia haya kwa sababu hapo Mokowe ulipo mtambo wako, na kule kwenye mikoko, tope ni la chumvi vilevile, na upepo wa kusi unaibeba chumvi mpaka ndani ya nyaya. Mtambo ukifanya kazi ufukweni lazima uoshwe kwa maji matamu na upigwe grisi jioni ileile. Najua maji matamu kwenu ni ya kuhesabu, lakini pipa mbili za maji ni rahisi kuliko silinda moja.

Tangu hapo sijakodisha mtambo bila mtu wangu juu yake. Hili naomba ulishike kuliko yote niliyoandika. Kijana niliye naye, opereta wangu, ni wa mwaka wa sita sasa. Anafika kabla ya jua, anatazama oili na maji, anazunguka na bomba la grisi nipeli baada ya nipeli, na akisikia mlio asioujua ananipigia simu hapohapo. Namlipa yeye mwenyewe, kila Jumamosi, hata wiki ambayo mteja hajanilipa, ili asiwe na mabwana wawili.

Mwaka jana walikuwa wakichimba msingi nyuma ya mji, msimamizi wa saiti akamwonyesha mstari wa kuchimba na kumhakikishia kwamba chini hakuna kitu. Yeye akaona ukanda wa nyasi mbichi umekatisha katikati ya ukavu. Akazima injini. Msimamizi akapiga kelele, siku inakwenda, kazi imechelewa. Kijana akashuka na koleo, akachimba kwa mikono kama nusu saa, akakuta bomba kubwa la maji. Ndoo ingelikata, mtaa mzima ungekosa maji, na msimamizi yuleyule angesema ni tingatinga la fulani lililovunja. Opereta wa kukodiwa siku tatu angefuata mstari. Nilimpa zawadi siku ile, na bado naona nilimpa kidogo.

Kwako wewe jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu unalala Mkomani kisiwani Lamu, mtambo unalala Mokowe upande wa bara, na katikati kuna bahari. Huwezi kutoka baada ya magharibi ukaenda kuutazama. Ukiweka kifaa cha kufuatilia kitakuonyesha mahali ulipo na saa injini ilipowashwa, na nakushauri ukifunge, lakini hakitakuonyesha nipeli iliyoziba. Unahitaji macho ya mtu wako ng'ambo ile.

Sasa yale ya kuandika kwenye mkataba. Weka saa kwa mwezi, tuseme 200, azilipie hata asipozifikisha, na kila saa inayozidi ilipiwe. Siku ya kukabidhi, simameni wote wawili mbele ya mtambo, mpige picha ya mita, matairi, meno, vioo na hozi, mtie sahihi karatasi moja, na siku ya kurudisha mfanye hivyohivyo. Kila jioni msimamizi aandike saa kwenye daftari na kutia sahihi. Mali bila daftari huisha bila habari, na mimi nimeiona ikiisha.

Andika pia nani analipa mtambo ukisimama. Ukiharibika kwa uchakavu, siku hizo ni zako, hulipwi. Lakini wakikosa mawe, wakikosa kibali, mvua ikajaza shimo, mtambo uko kwao na huwezi kumpa mtu mwingine. Walipe bei ya kusimama. Usidhani ni jambo la mbali. Mwisho wa 2023 maji yalipokata barabara ya Lamu pale Lango la Simba, wewe mwenyewe ulikwama huku kwangu ukisubiri. Fikiria mtambo wako ungekuwa upande wa Garsen na mkataba haujasema lolote. Kwa sababu hiyohiyo, lobedi, lile lori la kubebea mtambo, gharama yake ya kwenda na ya kurudi iandikwe ni ya nani. Watu huandika ya kwenda, ya kurudi husahaulika.

Kuhusu dizeli, kumwachia yeye si vibaya, inakuondolea maneno ya nani kanyonya tangi. Ila pipa likae kwenye kivuli na mtu wako aione inavyotiwa, maana dizeli yenye maji huua pampu ya injini. Siku utakayotoa bei pamoja na mafuta, kumbuka EPRA, wale wasimamizi wa bei ya mafuta, hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi. Andika kwamba bei yako itafuata hiyo, usije ukafungwa miezi mitatu na bei ya mwezi wa kwanza.

Malipo yawe ya wiki mbili mbili, na ya wiki mbili za kwanza yatangulie. Kuna mkandarasi aliyenilipa baada ya miezi kumi na minne, kila nikimpigia ananiambia naye hajalipwa, na huenda ilikuwa kweli. Lakini deni lake na waliompa kazi halikunihusu, nami nilikuwa na mkopo wa benki ambao haukujua kusubiri. Andika kwamba yakichelewa siku saba, opereta wako anaruhusiwa kuuondoa mtambo saiti. Na andika kwamba mkandarasi haruhusiwi kumkodishia mtu wa tatu, maana hilo hutokea sana, unasikia mtambo wako umeonekana Witu na wewe hujui umefikaje.

Halafu bima. Cheti ulichonitumia kimeandikwa matumizi yako binafsi. Ukiukodisha na kitu kikatokea, kampuni ya bima ina haki ya kukukatalia. Nenda waambie wazi kwamba unakodisha, ulipe nyongeza, wakupe karatasi mpya kabla mtambo haujasogea. Na opereta ukimwajiri wewe, sheria ya fidia ya kuumia kazini ya 2007 inakutaka umkatie bima yake, hata kama anafanya kazi kwenye saiti ya mtu mwingine. Usiliache hilo kwa kuona ni gharama. Yule ni mtoto wa watu.

Na jambo dogo la ushuru: mkandarasi atakudai risiti ya eTIMS, ule mfumo wa risiti wa KRA, kwa sababu tangu Januari 2024 hawezi kuhesabu pesa za kukodi anazokulipa kama gharama ya biashara bila hiyo. Jisajili mapema, haichukui muda.

Najua unachohofia, kwamba ukimwekea masharti haya atakwenda kwa mwingine na mtambo ukae bure. Anaweza kwenda. Lakini tazama jinsi Hindi na Mokowe wanavyojenga tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe Mei 2021, atakuja mwingine. Mtambo uliosimama uani kwako unakula bima tu. Ulioko kwa mtu asiyeujali unakula shamba la Hindi.

Mimi nimeongea na kijana wangu. Ana mdogo wake aliyemfundisha mwenyewe kwenye mtambo wangu, ana leseni, hana mke bado, yuko tayari kuhamia Mokowe. Ukimtaka nitakuja naye kwa basi Alhamisi, nikae siku mbili, tuufungue mtambo wako pamoja tuutazame kila pini kabla haujaanza kazi. Mwambie mkandarasi utampa jibu Jumamosi. Kabla ya hapo, nakuomba kwa urafiki wetu, usitie sahihi.

Mpe salamu nyingi Mama Zuhura na wazee wote wa barazani. Mama anasema nikirudi nisije mikono mitupu, anataka halua ya kwenu.

Wasalaam,
Ndugu yako,
Baba Swaleh