Mama ndiye aliyekuwa akiiona barabara

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo familia nyingi zinalijua na zinalinyamazia: mzee ambaye akili yake imeanza kudhoofika, na bado anaendesha gari.

Kila inapotokea ajali ya dereva mzee, hoja huwa zilezile. Huyu anataka leseni ikome mtu akifikisha umri fulani. Yule anajibu kwamba wazee waachwe, kwani vijana ndio wanaoua watu kwa mwendo kasi. Wote wawili wanatazama tarehe ya kuzaliwa, hakuna anayemtazama aliyeshika usukani. Wala hakuna anayeuliza kama mzee huyo ni mwanamume au mwanamke, na kwetu sisi hapo ndipo palipokuwa na jambo.

Baba ameendesha gari zaidi ya miaka 40. Siku moja nilipanda kiti cha nyuma, Mama yuko mbele kando yake, nami nawasikiliza nusu nusu. “Taa nyekundu hiyo, mzee wangu.” Baba akasimama. “Subiri, kuna mtu wa baiskeli.” Akasubiri. “Kata kona hapa. Hapa hapa.” Akakata. Tulikuwa tumefika nusu ya safari ndipo nilipong’amua kwamba Mama hakuwa akipiga soga. Alikuwa akiendesha gari kwa mdomo. Mikono na miguu ilikuwa ya Baba, macho yalikuwa ya Mama. Magoti ameyabana, mkono mmoja umeng’ang’ania mpini wa mlango muda wote. Tulipofika nilimvuta pembeni nikamuuliza ameanza lini. “Mwaka umeshapita,” akasema. “Nikinyamaza anapitiliza.”

Na Mama ana leseni. Aliacha kuendesha alipovuka miaka 60, akiwa haumwi kichwa wala macho. Aliacha kwa sababu Baba yupo. Kwa hiyo mwenye akili timamu alikuwa abiria, na ambaye akili yake inampotea ndiye dereva.

Nilidhani ni mambo ya nyumbani kwetu tu. Kumbe watafiti wa nchi mbalimbali wameliona hilo kwa miaka mingi: wanawake huacha usukani mapema kuliko wanaume, wengi wao uwezo wakiwa bado wanao. Huanza kwa kukwepa usiku, kisha mvua, kisha barabara kuu, mwisho wanaacha kabisa. Wanaume wengi hushikilia mpaka ugonjwa wenyewe uwashushe. Hesabu iliyochapishwa Marekani mwaka 2002 ilionyesha kwamba mwanamke aliyevuka miaka 70, akishaacha kuendesha, huishi kama miaka 10 akitegemea kubebwa na wengine. Kwa mwanamume miaka hiyo ni michache zaidi. Tunapojadili leseni za wazee tunafikiria ajali peke yake, na hiyo miaka 10 ya mwanamke aliyekaa akisubiri mtu wa kumpeleka haihesabiwi popote.

Kinachotuchelewesha kuona tatizo ni kwamba ustadi wa dereva mzoefu haupotei wote kwa pamoja. Kubadili gia, kushika usukani, kurudi rivasi getini kwake, hayo yamekwishakuwa mazoea ya mwili, nayo hudumu. Kinachotangulia kuondoka ni uwezo wa kugawa akili kwa mambo matatu kwa wakati mmoja, kukadiria kasi ya gari linalokuja, kuamua upesi. Ndiyo maana ajali za wazee hutokea sana kwenye makutano, hasa wakati wa kukata kona kupita mbele ya magari yanayokuja. Mzee huyo kwenye njia aliyoizoea utamwona yuko sawa miezi na miezi. Siku barabara ikifungwa, magari yakapitishwa njia nyingine, ndipo unapigiwa simu na mtu usiyemjua.

Tena, naomba hili lieleweke vizuri, mgonjwa wa namna hii mara nyingi hajui kwamba anaumwa. Sehemu ya ubongo ambayo ingemwambia “umekosea” nayo imeguswa. Baba aliposema “mimi niko sawa” hakuwa akidanganya wala hakuwa mbishi. Nilimkasirikia bure kwa muda mrefu, na hilo linaniuma hadi leo.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa kumwachia dereva ajieleze mwenyewe. Uingereza, kwa mfano, mtu akifika miaka 70 hutakiwa kuhuisha leseni kila baada ya miaka 3, na yeye ndiye anayetamka kama afya yake inamruhusu. Utamuulizaje habari za ugonjwa mtu ambaye ugonjwa huohuo umemfichia habari? Japani wao tangu 2009 huwapima akili madereva wa miaka 75 na zaidi wanapohuisha leseni. Mwaka 2019 dereva wa miaka 87 aliua mama na binti yake wa miaka 3 jijini Tokyo. Mahakama iliona kwamba alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Tangu 2022 madereva wa miaka 75 na zaidi waliokwisha kufanya makosa fulani barabarani hupimwa pia wakiwa ndani ya gari.

Lakini kupima kila mtu kwa umri nako kuna madhara. Denmark ilianza kupima akili za madereva wazee mwaka 2006. Utafiti uliochapishwa 2012 haukukuta kwamba vifo vya madereva hao vimepungua. Vilivyoongezeka ni vifo vya wazee waliokuwa kwa miguu na kwa baiskeli. Baadaye kipimo hicho kiliondolewa. Mimi naamini walioogopa kipimo na kuacha gari walikuwamo wengi wazima kabisa, kina Mama zetu, wakahamia pembeni ya barabara ambako mwili wa mzee hauna bati la kuukinga.

Ombi langu kwa wenye wazazi ni dogo. Pandeni magari yao. Kaeni kimya. Wanaopanda mbele wasimsaidie dereva kwa neno lolote, isipokuwa hatari imefika. Mtajua ndani ya dakika 20 kama anafunga breki kwa kuchelewa, kama taa ya kijani inawaka naye hajui la kufanya, kama wengine wanampigia honi na yeye hajui ni yeye. Kabla hamjapanda, zungukeni gari mtazame bampa na vioo vya pembeni.

Halafu hospitali, kabla ya ugomvi wa ufunguo. Si kila kinachoonekana kuwa akili ni akili. Utafiti mwingine wa Marekani wa 2002 ulikuta kwamba wazee waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walipata ajali kwa kiwango cha nusu tu ya wale ambao hawakufanyiwa. Dawa za usingizi, na baadhi ya dawa za mafua na mzio, nazo huwapumbaza wazee barabarani. Ikithibitika kuwa ni akili, usafiri wake upangwe kabla hajaacha gari, kwa sababu kuacha kuendesha huongeza karibu maradufu hatari ya kupata sonona. Kumfichia ufunguo mtu anayesahau ni ukatili. Atautafuta kutwa nzima akijilaumu.

Na kina mama mnaoelekeza kwa mdomo, najua mnafanya kwa mapenzi. Gari likienda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kwa sekunde moja. Mpaka umesema “mtoto huyo,” naye akasikia, akaelewa, mguu ukasogea, mita hizo zimekwisha.

Baba alipimwa, kisha akapelekwa barabarani na mwalimu wa udereva kwa karibu saa nzima, Mama akibaki nyumbani. Waliporudi mwalimu hakusema mengi. Baba mwenyewe alishuka, akaniwekea ufunguo mkononi, akasema, “Leo gari lilikuwa kimya mno.”

Mama ana miaka 71. Tangu mwezi uliopita anafanya mazoezi upya na mwalimu yuleyule, asubuhi na mapema barabara zikiwa bado tupu. Baba hukaa kiti cha nyuma.

Msomaji wako