Bei ipo, hela hakuna

Juaboso, Ghana
Disemba 2025

Baba, shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu. Sisi wazima, wajukuu wanakua.

Siku ile mtandao ulikatika kabla sijakujibu: je, huku wanauza kakao vizuri kuliko sisi Kyela? Kwenye redio, ndiyo.

Huku hakuna mnada kama wetu. Serikali inatangaza bei kupitia Bodi ya Kakao, na inakuwa moja nchi nzima, shamba liwe kando ya lami au ndani kabisa porini. Msimu huu ilitangazwa Agosti, Oktoba ikaongezwa mpaka sedi 3,625 kwa gunia la kilo 64. Kwa hela yetu ni kama elfu kumi na mbili na ushee kwa kilo. Mama mkwe alipiga vigelegele. Mwezi wa kumi na moja akapeleka magunia yake kwa karani wa mnunuzi, yakapimwa, yakaandikwa kwenye kijitabu, akaambiwa arudi wiki inayofuata. Bado anarudi.

Nimeuliza mpaka nikaelewa. Tangu miaka ya tisini Bodi ilikuwa inakopa mabenki ya nje kila msimu, fedha hizo zinawafikia wanunuzi wenye leseni, mkulima analipwa. Kuanzia msimu ulioanza 2024 mkopo huo haukuchukuliwa tena, mitaji ikabidi itafutwe kwingine. Wakati ule soko la dunia lilikuwa limechachamaa, tani ilipita dola 12,000 mwishoni mwa mwaka. Sasa imeshuka kwa karibu nusu, na bei ya huku imebaki juu. Nani atanunua ghali auze rahisi?

Basi mji mzima unaishi kwa vijitabu. Mwenye duka anakopesha mchele kwa kuangalia kijitabu, fundi cherehani ameshona nguo za Krismasi ambazo hazijachukuliwa, ada za shule zinasubiri. Wenye haraka wanauza kwa bei ya kutupa kwa mtu mwenye hela mkononi, ile njemke ya kwetu kabisa, ya kuuza kakao mbichi kwa bei ya chini, tofauti ni kwamba huku kakao imeshakauka. Na mpaka wa Ivory Coast uko karibu. Pikipiki za usiku zinazijua njia.

Njaa lakini hakuna. Magimbi, mihogo na ndizi vimejaa mashambani. Ndizi wanazichemsha na mihogo, wanatwanga kinuni mpaka zinavutika, ndiyo fufu. Mama angewahurumia, hawajui mbalaga, ndizi zetu za kupika.

Kwa hiyo Baba, mnada wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, unaoulalamikia kila simu, mimi ningeushikilia. Bei inapanda na kushuka, na hela inachelewa benki, lakini aliyenunua amenunua kweli. Shangazi mwambieni aache kuuza kakao ikiwa bado mtini.

Sasa la Lusajo kutaka kulima lile pori la baba mdogo. Huku wana utaratibu unaitwa abunu. Mgeni asiye na ardhi anapewa pori, anafyeka, anapanda ndizi na magimbi yatie kivuli, kisha kakao. Miti ikianza kuzaa, shamba linagawanywa nusu kwa nusu. Baba mkwe alipata shamba hivyo, alikuja hapa mikono mitupu. Kuna na abusa, hiyo ni ya mtunzaji tu: anachukua theluthi ya mavuno, ardhi haimhusu. Naona abunu ingemfaa Lusajo, ana nguvu na hana pa kulima. Ila wazee wengi huku walipatana kwa mdomo, wamekufa, na watoto wao sasa wanavutana: nusu ya miti au nusu ya ardhi? Kakao ikifa, ardhi inarudi kwa nani?

Hayo yaandikwe kabla hajashika panga, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na mipaka ipandwe miti. Karatasi aitunze Mama. Lusajo ataipoteza.

Mwanenu,
Tusajigwe