Mbona miche yenu mifupi?

Hapa kitaluni kwetu Mafinga, wilayani Mufindi, tunakootesha miche ya miti, swali hili haliishi, hasa Novemba watu wakijiandaa kwa mvua. Mteja ametoka kuona miche mirefu, laini, mibichi kama mchicha. Akifika kwetu anakuta mipaini inayozidi kiganja kidogo tu, anadhani tumebania mbolea.

Kuirefusha si kazi. Iache chini ya neti ya kivuli mpaka siku ya kuuza, itie urea, itapaa yenyewe. Ila mche wa kivulini unakimbilia mwanga: shina linarefuka bila kunenepa, mizizi inabaki michache. Jua na upepo wa Mufindi vikiukuta shambani, unababuka na kulala.

Kivuli tunakitumia mbegu zikiota, na wiki chache baada ya kuhamishia miche kwenye viriba, yaani vifuko vya plastiki vyenye udongo. Mbegu za milingoti (mikaratusi) ni kama vumbi. Chipukizi lake haliwezi jua la saa sita. Lakini kivuli na maji vikizidi, ugonjwa wa kinyausi unaingia, na asubuhi unakuta miche imeanguka kama iliyokatwa shinani. Kwa hiyo neti tunaifungua kidogo kidogo. Wiki nne hadi sita za mwisho miche inashinda juani, maji tunayapunguza, na mizizi iliyotoboa viriba tunaikata.

Udongo wetu ni toroli tatu za udongo wa juu, moja ya samadi, moja ya mchanga. Samadi iwe imeiva, haina joto wala harufu kali. Mwaka wa kwanza tulikuwa na haraka, tukachanganya iliyotoka zizini moja kwa moja. Iliunguza mizizi, tukamwaga viriba vingi na kuanza upya.

Kwa mipaini tunapunguza samadi na kuongeza udongo wa chini ya mipaini mikubwa. Wapo wanaodhani ni uganga! Mpaini si mti wa asili wa huku, na udongo ambao haujawahi kuuotesha mara nyingi hauna fangasi wanaoishi na mizizi yake na kuisaidia kufyonza fosforasi. Wakikosekana, mche unadumaa na sindano zake zinageuka njano au zambarau, hata uongeze samadi.

Ukija kuchagua, tazama unene wa shina kabla ya urefu. Na kama umeshanunua lakini mashimo hayajawa tayari, tafadhali usiirudishe miche chini ya mparachichi. Iache juani, uimwagilie asubuhi.